Mguu wa Mbele wa Gari la Hamisi

Vijana wa gereji, mmenisumbua tangu siku niliyowakabidhi funguo za kabati la spana. Mnataka niandike kuhusu kazi. Haya, naandika, ila msitegemee kusoma lini nilipandishwa cheo, maana pale kwetu vyeo vilikuwa viwili tu, aliye juu ya gari na aliye chini yake, na mimi maisha yangu yote nimekuwa chini. Nilikuwa fundi wa miguu: springi, shokapu, bushi, boljointi na kila kinachoshikilia tairi lisiende zake. Nimestaafu kwa sababu shingo haigeuki tena. Nitaeleza machache ya mwanzo, halafu nitaeleza jinsi tulivyochagua mguu wa mbele wa gari la kizamani la Shabiri, kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyofukua habari ya Hamisi wa Kivinje. Wapo kati yenu ambao mpaka leo mnamtaja Hamisi kama mtu aliyeua watu kwa mwendo. Someni mpaka mwisho.

Nilifika Kilwa Masoko nikitokea upande wa Newala, kijana wa Kimakonde mwenye rozari shingoni na viatu vya kuazima. Mwenye gereji alikuwa Fundi Saidi Chitanda. Aliniangalia juu hadi chini, akaniuliza kama naogopa giza. Nikasema siogopi. Akaniingiza chini ya lori lililoinuliwa kwa magogo, akaniambia nikae humo nitazame, nisiguse kitu. Nilikaa mpaka adhana ya adhuhuri, oili ikinidondokea sikioni. Nilipotoka akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamtajia nilivyoviona, kimoja baada ya kingine. Akasema, "Umeona vyuma. Kesho utaona vilivyochoka." Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza, na sijawahi kupewa somo refu kuliko hilo.

Chitanda hakuwa na mashine za kupimia zenye taa kama hizi mnazozisikia ziko Dar. Alikuwa na mshipi wa kuvulia samaki, timazi na kipande cha chaki. Aliufunga mshipi kwenye tairi la nyuma, akauvuta mpaka la mbele, akachuchumaa na kufumba jicho moja, na akishasema gari limenyooka, limenyooka. Alikuwa mashoto. Alipochomelea, mkono wake ulitembea kinyume na wa mafundi wengine, kwa hiyo magamba ya mshono wake yalilalia upande usiouzoea. Tulimtania kwamba hata akifanya kazi ya siri atajulikana. Alicheka pamoja nasi.

Na alikuwa na sheria moja asiyoitania. Chuma kinachobeba usukani hakichomelewi. Kikipasuka kinatupwa. Ili mwenye gari asikipeleke kwa fundi mwingine mwenye njaa, Chitanda alichukua nyundo kubwa akakivunja palepale, mbele ya macho yake. Tumetukanwa sana kwa ajili ya nyundo ile. Kuna mwalimu mmoja alitunyima salamu mwaka mzima. Lakini mimi niliiamini sheria hiyo kama ninavyoamini sala ya Baba Yetu, na baadaye nilivunja vyuma vya watu kwa mkono wangu mwenyewe nikijua ninaokoa roho zao.

Sasa Hamisi. Alikuwa dereva wa Kilwa Kivinje, mwenye pikapu ya Kijapani aliyoinunua ikiwa imeshatumika na watu watatu kabla yake. Alipakia ufuta kutoka Likawage, na juu ya magunia akapakia watu, kama wanavyopakiwa wote wanaotoka huko ndani. Watu walimwita Jeti. Sitaficha, kwenye lami alipenda kukanyaga mafuta. Lakini kwenye barabara ya vumbi alikwenda taratibu kwa sababu kila springi iliyovunjika aliilipia yeye, na mimi ndiye niliyemlaza chini ya gari lake akaona kila kitu, maana alikuwa anapenda kujua. Tulikuwa marafiki. Mkewe, Bi Somoe, nilimwita shemeji tangu siku waliyooana.

Msimu mmoja wa ufuta, pikapu ikitoka Likawage, kabla ya kufika Mitole, iliacha njia mahali ambapo njia imenyooka kabisa, ikapinduka. Walikufa watu watatu wa Kivinje waliokuwa juu ya magunia, mmoja wao binti wa Mzee Athumani, muuza samaki. Hamisi naye akafa palepale. Kabla maiti hazijafika mjini, habari ilikuwa imeshafika na sababu yake: Jeti alikuwa anakimbia.

Mimi ni Mkristo, lakini kwa kuishi hapa nimezika na Waislamu mara nyingi kuliko na watu wa kanisa langu, na desturi yao naijua. Kabla jeneza halijainuliwa, ndugu wa marehemu husimama akasema kama kuna aliyekosewa na marehemu, basi amsamehe. Watu hujibu kwa pamoja, "Tumesamehe," kisha safari ya makaburini inaanza. Siku ile, katika ua wa msikiti wa Kivinje, majeneza yalikuwa manne. Kaka yake Hamisi alisimama.

"Ndugu yangu alikuwa na mwendo," alisema. "Ameondoka na watoto wenu. Sina cha kuwapa. Namuombea msamaha."

Niliogopa sana kwamba hakuna atakayeitikia. Kisha Mzee Athumani, ambaye jeneza la binti yake lilikuwa la pili kutoka mwisho, akasema, "Tumemsamehe." Na ua mzima ukaitikia. Mimi niliitikia. Chitanda, aliyesimama bega kwa bega nami, aliitikia pia, na sauti yake niliisikia vizuri. Niliwaheshimu sana watu wa Kivinje siku ile. Bado nawaheshimu.

Lakini nimeona pia msamaha ule ulivyomfanya Bi Somoe. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyegoma kununua vitumbua vyake asubuhi. Walinunua, wakahesabiwa, halafu wakamwambia, bila kuulizwa, "Sisi tulishamsamehe, mama." Aliambiwa sokoni, aliambiwa kisimani, aliambiwa kwenye harusi za watu. Kila mara alijibu ahsante. Mwanawe alichoka kuitwa mtoto wa Jeti, akaenda Dar, na habari ya mwisho aliyomletea mama yake ilikuwa ni simu ya kusema harudi. Somoe alipungua mwili. Alizoea kupita njia ya nyuma.

Gari lenyewe lilivutwa na Chitanda mpaka nyuma ya nyumba ya Somoe. Alileta turubai lake mwenyewe akalifunika, akasema chuma cha msiba kisiguswe mpaka ipite dua ya arobaini. Watu waliona ni maneno ya adabu. Arobaini ilipopita, akasema ni heri kuliacha kabisa. Nayo watu waliiona ni adabu, kwani Kivinje nzima nani angetaka spea ya gari lililoua? Likakaa zaidi ya miaka kumi. Turubai likaoza, Somoe akaongeza makuti juu.

Katika miaka hiyo Chitanda alizeeka, macho yakaingia ukungu, akaniachia gereji. Ndipo akaja Shabiri.

Shabiri ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Masoko, kama baba yake na babu yake. Babu huyo ndiye aliyeleta gari dogo la Kiingereza la milango miwili, taa za mviringo, ambalo mji mzima unaliita Bwana Shauri. Lilikaa stoo nyuma ya mabati tangu mzee afe. Shabiri akalitoa, akalipeleka Dar, na huko mafundi wakamwekea injini ya silinda sita kutoka gari kubwa la Kijapani. Lilirudi likinguruma, pua imeinama chini kama linatafuta kitu kilichoanguka.

"Fundi, linaruka," aliniambia kwa furaha.

"Linaruka, lakini je, linakata kona?"

Nilizungusha usukani robo nzima kabla tairi hazijapata habari.

Hapa msikilize vizuri, kwa sababu mtaletewa magari ya aina hii, siku hizi vijana wenye maduka wamependa vya kizamani. Mtu anabadilisha injini kwanza, halafu ndiyo anakumbuka kwamba injini ina uzito. Gari la babu yake Shabiri mbele lilikuwa na ekseli ya chuma kimoja kizima, kutoka tairi la kushoto hadi la kulia, imelalia springi za vyuma bapa. Ilitengenezwa kubeba injini ndogo kwenda kanisani. Injini mpya ilikuwa karibu kuikalia. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuacha ekseli ileile, kuongeza mabapa ya springi na kuinua injini. Nikapima, boneti haifungi. Shabiri akasema atalikata boneti tundu. Nikamwambia masika yatamshukuru.

Ya pili, kuweka miguu ya gari dogo la Kijapani, ile ambayo shokapu na springi vimesimama pamoja wima na kusukuma bodi kutoka chini. Ni miepesi na inapatikana kila mahali. Lakini mguu wa namna hiyo unaegemea bodi, na bodi ya Bwana Shauri ukiibonyeza kwa kidole inabonyea. Ungejenga nguzo mpya mbili, na nguzo hizo zingejengwa juu ya kutu.

Ya tatu, mguu wa pikapu. Kila tairi linasimama lenyewe, limeshikwa na amu mbili, yaani mikono ya chuma, mmoja juu na mmoja chini. Badala ya springi kuna fito ndefu ya chuma inayojisokota, imelala chini ya chasisi kuelekea nyuma, kwa hiyo hakuna kinachosimama kugombana na injini. Unafungua boriti nzima inayobeba miguu yote miwili kwa bolti, unaihamishia. Nilipima upana, ulizidi wa gari la Shabiri kwa unene wa kidole kila upande, na madigadi yangeuficha. Boksi la usukani lilikaa pale linapotakiwa. Na kubwa kuliko yote, bushi na boljointi zake zinauzwa hapahapa Masoko. Msimwekee mteja mguu ambao bushi yake inatoka ng'ambo, hata uwe mzuri namna gani. Atakuja kuutengeneza kwa raba ya ndala.

"Basi huo," Shabiri akasema. Kisha akapunguza sauti. "Pikapu ya namna hiyo ipo Kivinje. Kwa mjane wa Jeti."

Nilijua ipo. Nilikuwa nimejua tangu nilipoanza kupima. Nikamwambia chuma kile kina msiba. Akasema ameshamuuliza mama yake, na mama amesema ikiwa mjane mwenyewe atakubali kwa kinywa chake na sadaka ikatolewa, hakuna ubaya. Nikaona sina sababu nyingine ya kukataa zaidi ya kwamba sipendi.

Bi Somoe alikuwa anaosha vyombo. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho akifuta sufuria ileile.

"Chukueni, shemeji," alisema. "Kuku wanataga humo, nisubiri nitoe mayai kwanza."

Tulitoa makuti na mabaki ya turubai. Pikapu ilikuwa imezama udongoni mpaka kwenye rimu. Nilianza na mshipi, kama nilivyofundishwa, kwa sababu kabla ya kufungua boriti lazima ujue kama chasisi imepinda. Haikupinda. Nikaangusha timazi kila kona. Pembe ya mbele kushoto ilikuwa nzima kabisa, bampa halina hata alama, na hapo nikaanza kushangaa, kwa sababu upande huohuo tairi lilikuwa limelala chini ya gari. Tairi halilali bila kupigwa na kitu, na pale hapakuwa na dalili ya kitu.

Nikakwangua udongo. Amu ya chini ya kushoto ilikuwa vipande viwili. Chuma kinachovunjwa na kipigo hupinda kwanza, hiki hakikupinda. Kilikatika pembeni mwa kiraka kilichochomelewa, palepale inaposhika boljointi, kile kiungo kinacholiwezesha tairi kugeuka. Nusu ya mpasuko ilikuwa laini, nyeusi kwa grisi ya zamani iliyoganda, maana yake ulianza zamani na ulikuwa ukisuguana safari baada ya safari. Nusu nyingine ilikuwa na chembechembe za kukatika mara moja. Nikapangusa kiraka kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Magamba ya mshono yalilalia upande usiouzoea.

Nilitamani kurudisha udongo na makuti, nimwambie Shabiri mguu haufai, niende nyumbani. Nilikaa chini ya gari lile muda mrefu. Wala sikuwa na kazi ya kufanya huko.

"Umeona nini?"

Somoe alikuwa amesimama karibu na miguu yangu, mayai yamo kwenye kanga. Nikatoka. Nikamwonyesha vipande viwili, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi.

"Kwa hiyo kilikatika kabla?"

"Kilikatika, ndiyo gari likaacha njia. Kwa gari lililopakia vile, hakuwa na la kufanya, shemeji. Hata ungekuwa wewe, hata ningekuwa mimi."

"Na mwendo?"

"Mwendo wa kawaida ulitosha."

Aliketi juu ya ndoo. Niliona anavyobana mayai yale, moja likapasuka, hakulitazama.

"Nani alichomelea?"

Nikaokota kitambaa changu cha mafuta ya taa.

"Shemeji, nakuuliza wewe. Nani?"

"Fundi Chitanda."

"Aliyeleta turubai," alisema. "Walimsamehe mume wangu. Nilikuwa upande wa wanawake, nikasikia, nikalia kwa kushukuru. Miaka yote hii nakula kwa msamaha wa watu. Sasa niambie, nitawarudishiaje?"

Nilimuuliza kama anataka twende polisi. Alitikisa kichwa. Alitaka jambo moja, kwamba habari hiyo isemwe palepale kaka yake Hamisi aliposimama, na isemwe na Chitanda mwenyewe.

Nilirudi Masoko na kipande cha amu nimekifunga kwenye gunia. Chitanda alikuwa barazani kwa binti yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba akinitafuta kwa macho yasiyoona vizuri. Nikamwekea kile chuma mapajani. Alikipapasa kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikapita juu ya mshono, kikarudi.

"Hii ni yangu," alisema.

Alinieleza kwamba Hamisi alikuja katikati ya msimu. Amu mpya ilikuwa itoke Dar, na mzigo ulikuwa unangoja Likawage. Alimwomba sana. Chitanda akamhurumia, akachomelea gereji ikiwa tupu, akamwambia ni ya safari moja tu. Hamisi akarudi, akasema inagonga kidogo. Chitanda akaitazama juujuu, akamwambia aongeze safari moja.

"Na turubai?" nikamuuliza.

"Niliogopa, Damiani. Asikudanganye mtu, niliogopa tu."

Nilimpigia kelele, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu huyu aliyenilea. Nilimwambia nimevunja vyuma vya maskini kwa nyundo yake nikitukanwa, na yeye alikuwa akichomelea. Nilimwambia alisimama kando yangu akasema tumesamehe. Binti yake alitoka ndani, akarudi ndani. Chitanda aliinamisha kichwa mpaka nilipomaliza, kisha akasema, "Ijumaa unipeleke."

Ijumaa nilimpeleka. Mimi na Bi Somoe tulisimama ng'ambo ya barabara, chini ya mwarobaini, kwani mimi si wa humo ndani na yeye hakutaka kukaa upande wa wanawake. Baada ya sala tulisikia sauti yake kwenye spika. Alisema jina lake na kazi yake. Alisema amekuja kukiri kosa. "Nilichomelea chuma kisichochomelewa," akasema, "na gari lile likaua watoto wenu..."

Hapo sauti yake ikakatika kwa kilio, na mara tukasikia watu. "Basi, mzee, basi!" "Ni kadari!" "Tumekusamehe, mzee wetu!" Imamu, mtu mpole sana, akachukua maiki akasema mzee huyu kaja akiwa haoni vizuri, kaja kwa uchungu wake, si vema kumchosha. Je, tumemsamehe? "Tumemsamehe!" Spika ikazimwa.

Jina la Hamisi lilikuwa halijatajwa.

Nilimtazama Somoe. Alikuwa ameshavuka barabara. Wanaume walikuwa wanatoka, wanatafuta viatu, na Chitanda ameshikwa viwiko pande zote mbili anapelekwa kula, kama mgeni wa heshima. Somoe akasimama mbele yake. Hakumwamkia. Watu waliliona hilo, kwa sababu pale kwao mwanamke wa umri wake hampiti mzee bila shikamoo.

"Nani?" Chitanda akauliza.

"Somoe wa Hamisi."

Yule mzee akajitoa mikononi mwa watu. "Shikamoo, Bi Somoe," alisema.

Sijawahi kusikia jambo kama hilo, mzee wa miaka ile kumpa shikamoo mtu anayeweza kuwa binti yake. Somoe hakuitikia.

"Sikuja kwa salamu, mzee. Hukumaliza. Maliza."

Mtu mmoja akasema kwa upole, "Mama, ameshasamehewa, tusifukue tena."

"Mmemsamehe kabla hamjamsikia," Somoe akasema. "Na Hamisi mlimsamehe hivyohivyo."

Chitanda akamaliza. Alisema Hamisi hakuwa anakimbia. Alisema chuma kilikatika, kwamba Hamisi alimwambia mguu unagonga na yeye akamrudisha njiani. Alisema alikijua chuma kile tangu siku alipolivuta gari, akakifunika, na katika ua huu huu aliitikia tumesamehe pamoja nao. Aliyasema yote bila kulia, na nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya maishani.

Mzee Athumani alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi. Alitembea mpaka kwa Somoe hivyohivyo, mguu mmoja peku.

"Mama," alisema, "tusamehe sisi."

Kila mtu akangoja. Pale kwao neno hilo huitikiwa papo hapo. Somoe akajitanda kanga yake vizuri, akaenda nyumbani, safari hii kwa njia ya mbele. Hakuna aliyethubutu kumjibia.

Kazi ya Shabiri niliimaliza. Mguu wa kulia, boriti na fito za Hamisi ziko chini ya Bwana Shauri hadi leo. Amu ya chini ya kushoto niliagiza mpya Dar, tukaingoja, na Shabiri hakuthubutu kuniharakisha. Gari limetulia, halitikisiki hata kwenye matuta, na maharusi wanaligombania. Mimi sijawahi kulipanda.

Chitanda alifariki masika yaliyopita. Mwanawe aliposimama kumuombea msamaha, watu waliitikia. Mimi nilinyamaza. Nilimpenda, na nilimlilia kama baba, lakini msamaha ule haukuwa wangu wa kutoa. Bi Somoe alikuja kutoka Kivinje akapika na wanawake wa msiba siku zote tatu. Kama alisamehe hakusema, na sikumuuliza.

Kabla sijawakabidhi funguo nilipita kumsalimia. Ile amu iliyokatika alikuwa ameiomba, na inaning'inia kwenye msumari kando ya mlango wake, upande unaotazama barabara. Hewa ya chumvi ya Kivinje inakula chuma upesi. Nilimkuta na kitambaa na mafuta ya nazi anaipangusa taratibu, hasa pale kwenye mshono, ili kutu isiufunike.

"Shemeji, ishushe sasa," nikamwambia. "Watu wote wameshajua."

"Juzi kijana wa bodaboda amepita hapa," alisema. "Akamwambia abiria wake, hapa ndipo kwa Jeti, aliyeua watu kwa mwendo. Nikamwita. Nikampa aishike."

Akachovya kitambaa tena kwenye mafuta.

"Ninyi mlisema mara moja mkaenda kula. Mimi nitalisema hili kwa kila anayepita."